Bakteria Juu ya Jani la Mpamba

Wakulima wa Shinyanga na Geita hupanda pamba mvua zianzapo, mnamo Novemba na Desemba. Miezi miwili baadaye shamba hujaa majani mapana ambayo kwa macho matupu huonekana safi. Kumbe kila sentimeta ya mraba ya jani huweza kubeba bakteria milioni moja au zaidi.

Maisha ya viumbe hao si mepesi. Jua la adhuhuri huwakausha, na chakula chao ni sukari kidogo ivujayo kupitia utando wa nta uliofunika jani, hasa kandokando ya mishipa na penye vinyweleo. Lakini hawangoji kulishwa tu. Wengine hutengeneza homoni ya ukuzi iitwayo asidi ya indoli-asetiki, ambayo hulegeza kuta za seli hata sukari ikazidi kuvuja. Wengine hutoa kitu chenye tabia ya sabuni. Tone la maji lililojikunja kama ushanga hutandaa, na unyevu ukakawia kukauka. Wako pia wa jenasi ya Methylobacterium, wenye rangi ya waridi, ambao hula methanoli itokayo katika stomata jani linapokua. Hivyo kemia ya uso wa jani si kazi ya mmea peke yake.

Mpamba una jambo lake la pekee. Tezi ndogo za majani yake hutoa chumvi za magnesi, potasi na kalsi, na umande wake huwa na alkali: kipimo cha pH hupita 8, pengine kikakaribia 10. Ndiyo sababu virusi wanyunyizwao kuua funza wa vitumba hupungua nguvu upesi juu ya jani hilo.

Kati ya bakteria wafikao hapo, adui wa siku nyingi ni Xanthomonas citri wa aina ishambuliayo pamba. Mvua yenye upepo humrusha kutoka jani hadi jani, naye huingia kupitia stomata, akapenyeza protini zake katika seli. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba mojawapo ya protini hizo huiamsha jeni ya pamba iitwayo GhSWEET10, ambayo kazi yake ni kutoa sukari nje ya seli. Mmea wenyewe humwandalia mgeni karamu. Majani hupata madoa yaliyoloa maji, yenye pembe kwa kuwa mishipa huyazuia yasienee. Ugonjwa ukifika matawini huyafanya meusi; ukifika kwenye vitumba, pamba huoza kabla havijapasuka, na pamoja nayo huenda ada ya shule na chakula cha mwaka.

Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, mkoani Mwanza, kiliteua kwa miaka mingi mbegu za mfululizo wa UK zenye kustahimili ugonjwa huo. Kung'oa na kuchoma mabua baada ya mavuno nako husaidia, maana bakteria hao hudumu katika masalia makavu na juu ya mbegu.

Habari ya alkali yaweza kuchunguzwa shuleni. Jioni, matone ya maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi huwekwa juu ya jani la mpamba na la mharage. Alfajiri kila tone huguswa kwa karatasi nyekundu ya litimasi. Karibu na machimbo ichaguliwe mipamba iliyo mbali na barabara, kwani vumbi nalo lina madini yake. Kisha jani jingine la mpamba lioshwe vizuri, liachwe siku mbili, na jaribio lirudiwe: je, alkali imerudi?