Nia, Msukumo na Adhabu: Nafasi ya Chuki katika Kosa la Shambulio

Utangulizi

Mtu anapomshambulia mwenzake na kumjeruhi, je, chuki iliyomsukuma imwongezee adhabu? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea hukumu mbili za Mahakama ya Juu ya Marekani, kisha yanadondoa funzo linaloihusu Kenya. Hoja kuu ni kwamba chuki ya rangi, kabila au dini inastahili kuongeza adhabu, mradi ithibitishwe kuwa ndiyo iliyomfanya mwathiriwa ateuliwe.

Nia na msukumo

Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya huchukuliwa kuwa visawe. Kisheria yanatofautiana. Nia hujibu swali: je, mshtakiwa alikusudia kupiga? Msukumo hujibu: kwa nini alikusudia? Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaeleza kuwa msukumo hauna uzito katika kuamua hatia, isipokuwa pale sheria inaposema vingine waziwazi. Hata hivyo, hatia ni jambo moja na kiwango cha adhabu ni jingine. Aliyeiba mkate kwa njaa na aliyeuiba kwa tamaa wote wana hatia, lakini ni vigumu kudai kuwa wanastahili adhabu sawa.

Kesi ya Mitchell

Mnamo Oktoba 1989, mjini Kenosha katika jimbo la Wisconsin, kundi la vijana Weusi lilikuwa likizungumzia filamu ambamo Mzungu anampiga mtoto Mweusi. Mitchell, aliyekuwa na umri wa miaka 19, aliwauliza wenzake iwapo walikuwa tayari kuwashambulia Wazungu. Mvulana Mzungu wa miaka 14 alipopita, Mitchell akawaelekeza kwake. Mvulana huyo alipigwa hadi akapoteza fahamu kwa siku nne. Kosa hilo lilikuwa na kifungo kisichozidi miaka 2, lakini kwa kuwa mwathiriwa aliteuliwa kwa rangi yake, kikomo kilipanda hadi miaka 7. Mitchell alifungwa miaka 4.

Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliibatilisha nyongeza hiyo, ikishikilia kuwa inaadhibu fikra. Mwaka 1993 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walipinga msimamo huo. Waliona kuwa kilichoadhibiwa ni kitendo, na kwamba maneno ya Mitchell yalitumika kama ushahidi tu. Aidha, walikubali kuwa jimbo lina haki ya kuona madhara ya aina hii kuwa makubwa zaidi, kwani huweza kuchochea visasi na kuitikisa jamii nzima.

Mpaka wa hoja

Wahenga walisema lililo moyoni ulimi huiba. Lakini ulimi huweza pia kutoa tusi la hasira lisilo chimbuko la ugomvi. Ndiyo maana hukumu ya kesi ya Apprendi ya mwaka 2000 ina uzito: jambo linalopandisha adhabu kupita kikomo cha kosa sharti lithibitishwe mbele ya baraza la wazee wa mahakama pasipo shaka ya kimsingi. Dhana ya jaji pekee haitoshi.

Hitimisho

Baada ya ghasia za 2007 na 2008, Kenya ilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ambayo kifungu chake cha 13 kiliyawekea matamshi ya chuki faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa upande mwingine, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotoa kifungo cha hadi miaka 5 kwa shambulio la kudhuru mwili, hakitaji chuki. Neno limetajwa, pigo linaloandamana nalo halikutajwa. Pengo hilo likizibwa, mahakama itahitaji kupambanua tusi la kupita na neno lililomteua mwathiriwa. Kazi hiyo ni ya pragmatiki na semantiki, na mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuchangia.