Ukifika Ikweta, Tazama Kivuli Chako

Wengi wanaokwenda kuona mstari wa ikweta hupiga picha chini ya kibao, hutazama maji yakizunguka ndani ya beseni, kisha hao, wanaondoka. Inasikitisha, kwa sababu jambo kubwa la mahali hapo liko juu ya vichwa vyao na halina kiingilio.

Mara mbili kwa mwaka, tarehe 20 au 21 Machi na tarehe 22 au 23 Septemba, jua hupita juu kabisa ya ikweta. Aliyesimama pale adhuhuri huona kivuli chake kikinywea mpaka kikaishia kwenye nyayo. Hilo ndilo jua la utosi lenyewe. Kwa hiyo panga safari kwa kalenda kwanza, nauli baadaye.

Mahali ni pengi. Nchini Kenya, kibao kinachojulikana zaidi kiko kabla tu ya kuingia Nanyuki, takriban kilomita 200 kutoka Nairobi. Kingine kiko Maseno, barabara ya Kisumu kwenda Busia. Uganda kuna Kayabwe, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, penye mapete mawili makubwa ya zege nyeupe, moja kila upande wa lami. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, hivyo Mtanzania abebe hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Asiyeweza kuvuka mpaka asikate tamaa: hata Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba.

Kosa linalowakosesha wengi ni kudhani adhuhuri ni saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, ambayo iko mashariki mwa Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo jua hutufikia utosini kwa kuchelewa. Nanyuki, kivuli hufikia ufupi wake wa mwisho takriban saa sita na dakika 40 mchana mwezi Machi, na saa sita na dakika 25 mwezi Septemba. Kayabwe iko magharibi zaidi, hivyo ngojea karibu saa saba kamili Machi, na saa saba kasorobo Septemba. Fika nusu saa mapema. Simika kijiti wima kwenye ardhi tambarare na utie alama ncha ya kivuli kila dakika tano. Ukiwa na watoto, waachie wao kazi hiyo. Usilitazame jua lenyewe. Kwa Nanyuki ningechagua Septemba, maana mwishoni mwa Machi mvua za masika huanza na wingu moja laweza kuharibu safari nzima.

Sasa beseni. Utakuta kijana mwenye chombo chenye tundu na kijiti cha kiberiti kinachoelea. Atakwenda hatua chache kaskazini, maji yazunguke upande mmoja. Atakwenda kusini, yazunguke upande wa pili. Mzunguko wa dunia kweli hugeuza vimbunga vya baharini, lakini nguvu hiyo kwenye ikweta yenyewe ni sufuri, na hatua 20 kutoka hapo ni ndogo mno kuweza kugeuza maji ya beseni. Kinachoyageuza ni namna yalivyomiminwa na mkono ulivyogeuka. Mwaka 1962, Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, aliweza kuiona nguvu hiyo ndani ya tangi, huko mbali na ikweta, baada ya kuyaacha maji yatulie saa 24. Mlipe kijana jasho lake ukipenda, mkiwa mmeafikiana bei kabla, lakini mwanao asirudi shuleni akiamini hivyo.

Chukua simu, tafuta latitudo, utembee mpaka isome sufuri. Usishangae sufuri ikiwa mbali na kibao. Ramani za zamani za eneo hili zilichorwa kwa vipimo vinavyopishana na vya setilaiti kwa takriban mita 300, kaskazini hadi kusini. Tembea kando ya barabara, macho yakiwa kwenye magari: malori na matatu hupita hapo kwa kasi, na wapo wanaosimama katikati ya lami kwa ajili ya picha.

Beba kofia, maji na sweta. Nanyuki iko juu, mita 1,900 na ushee, na asubuhi ni baridi. Hiyo asubuhi ndiyo saa ya kuuona Mlima Kenya kabla mawingu hayajaufunika, pamoja na barafu yake iliyobaki, karibu kabisa na ikweta.

Ukiweza, lala huko. Mwezi Mei, saa tatu usiku kukiwa hakuna mawingu, Msalaba wa Kusini huwa upande mmoja wa anga na Dubu Mkubwa upande wa pili, nawe umesimama kati yao.