Mlonge ni mboga, mpe mtoto kama mboga

Wadogo zangu, leo tuongee habari ya majani. Meseji nyingi zinazonifikia zinatoka kwenu mnaoishi na kutafuta riziki mjini kati, Kariakoo, Gerezani, Ilala na Jangwani, na swali ni lilelile: "Dada, mwanangu katimiza miezi sita. Nimeambiwa nimpe unga wa mlonge aongeze damu na uzito. Nimpe kiasi gani?"

Jibu langu ni hili. Mlonge ni mboga nzuri, na mtoto wa miezi sita anaweza kuula. Ila umpe kama mboga, ndani ya chakula chenye vitu vingine vya kumjenga. Ukimpa kama dawa, kijiko asubuhi na kijiko jioni juu ya uji mwepesi wa mahindi matupu, hela itakuwa imekwenda na mtoto atabaki na upungufu uleule.

Nalisema kwa mkazo kwa sababu tatizo lenyewe ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu watoto 6 kati ya 10 wa umri wa miezi 6 hadi miaka 5 nchini wana upungufu wa damu, na watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wapo miongoni mwao wanaokula na kushiba. Kinachokosekana ni virutubisho ndani ya bakuli.

Kwanza, miezi sita itimie

Mpaka miezi sita, mtoto anatosheka na maziwa ya mama peke yake, hata maji hahitaji. Baada ya hapo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua, na maziwa peke yake hayawezi kuijazia. Ndipo chakula cha nyongeza kinapoanza, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Najua wapo wenye meza zao Mtaa wa Congo au fremu Mtaa wa Sikukuu wanaorudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, na huku nyumbani wanashauriwa wamwanzishie uji. Mdogo wangu, usikubali. Kamua maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, yahifadhiwe kwenye friji, apewe kwa kikombe. Majani kabla ya miezi sita hayamsaidii. Tena jamii ya spinachi ina naitreti nyingi, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzimudu.

Majani gani aanze nayo

Anza na mchicha au matembele. Ladha yake ni ya upole, yanaiva haraka na yanapondeka vizuri. Akishazoea, mletee majani ya maboga, ila menya zile nyuzi za kwenye vikonyo mpaka ziishe. Kisha majani ya kunde. Mnafu una uchungu, kwa hiyo uuchanganye kidogo kidogo na mchicha. Kisamvu kisubiri kwanza. Majani ya muhogo yana sumu ya asili inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa sana, na mtoto mdogo si wa kumjaribia kisamvu kilichoharakishwa.

Mpe jani jipya moja, ukae nalo siku mbili tatu ukimwangalia ndipo uongeze lingine. Akitema usimlazimishe, wala usiamue kwamba hapendi mboga. Watoto wengi wanahitaji kuonjeshwa kitu kilekile mara nane hadi kumi ndipo wakikubali. Na ukiona choo kimekuwa cha kijani usishtuke, hiyo ni rangi ya majani tu. Akiharisha maji maji au kutapika, hilo ni jambo jingine, mpeleke kituo cha afya.

Muulize muuzaji imelimwa wapi

Unapochagua fungu sokoni au kwa mama anayepita na beseni mlangoni kwako, usitazame ukubwa wa fungu pekee. Tazama majani: yawe yamesimama, rangi imekolea, vikonyo vikivunjwa vilie. Kisha uliza, "Mama, mboga hii imelimwa wapi?"

Kwa sisi wa mjini swali hili ni zito. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Wakakuta ndani yake madini mazito, yakiwemo risasi na kadimiamu, na wakaonya kuwa ni hatari kwa walaji kadiri muda unavyokwenda. Mto Msimbazi unapokea maji machafu ya viwanda na ya majumbani kabla haujafika Jangwani. Mchanga na vijidudu vinatoka kwa maji, lakini risasi iliyoingia ndani ya jani haioshwi ikatoka. Ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi nayo.

Kwa hiyo tafuta muuzaji anayekwambia wazi mzigo wake umetoka wapi, na uchague uliolimwa mbali na mifereji na barabara kubwa. Badilisha pia aina za mboga na sehemu unazonunua, ili mtoto asile kila siku jani la bustani moja.

Jinsi ya kuipika

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, kwa hiyo twende pole pole.

Chambua majani machanga na ncha laini, vikonyo vigumu weka kando. Osha kabla ya kukata, maana ukikata kwanza virutubisho vinakwenda na maji. Jaza beseni maji mengi, tumbukiza majani, yatikise, kisha yainue kwa mikono uyaweke kwenye chombo kingine. Usimwage maji pamoja na majani, mchanga uliotulia chini utarudi juu yake. Badilisha maji na urudie mpaka ukipapasa chini ya beseni usisikie chembe hata moja.

Wakati huo, kwenye sufuria ndogo, chemsha viazi lishe, yaani vile vyenye rangi ya chungwa ndani, au boga, au ndizi bukoba. Vikikaribia kuiva weka kijiko cha chai cha unga wa dagaa. Dagaa hao uwe umewatoa vichwa na mchanga, ukawaosha, ukawakausha, ukawakaanga bila mafuta na kuwatwanga. Kisha weka majani uliyoyakata laini sana, kiasi cha kiganja kimoja, funika, acha dakika tano hadi saba. Mwisho weka tui zito kidogo, au kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti au mawese. Epua, ponda kwa mwiko mpaka visibaki vipande wala nyuzi, kamulia matone machache ya ndimu.

Kila kimoja kina kazi yake. Mafuta yanausaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo kwenye majani. Madini ya chuma ya kwenye majani ni magumu kufyonzwa, na ndimu inayafungulia njia. Dagaa wana chuma ambacho mwili unakipokea kwa urahisi, tena wanausaidia kupokea na kile cha mboga. Siku nyingine badala ya dagaa weka yai lililoiva vizuri, samaki asiye na miiba, nyama iliyosagwa, au kipande kidogo cha maini mara moja kwa wiki.

Chumvi, sukari, pilipili na magadi visiingie. Magadi yanalainisha mboga, lakini yanaua vitamini. Kama unampikia kutoka kwenye sufuria ya familia, mtolee yake kwanza ndipo uwatilie wengine chumvi.

Chakula kiwe kizito, kikae kwenye kijiko bila kuchuruzika. Mwanzoni vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa mlo, mara mbili hadi tatu kwa siku, ukiongeza taratibu mpaka nusu kikombe. Kuanzia miezi tisa, nusu kikombe mara tatu hadi nne. Akitimiza mwaka, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima. Vikombe vyote hivi ni vya mililita 250.

Sasa tuje kwenye mlonge wenyewe

Ukipata majani mabichi, pengine kwa ndugu mwenye mti uani Kigamboni au Mbagala, yachambue kwenye vijiti vyake na uyapike kama mchicha. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote.

Ukitaka unga, tengeneza mwenyewe. Osha majani, yatandaze kivulini juu ya kitambaa safi, yafunike kwa chandarua nzi wasitue, mpaka yakauke na kuvunjika ukiyashika. Jua kali linaua vitamini A. Twanga, chekecha kwa chujio laini, hifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko, mahali pasipo na mwanga. Ukinunua, nunua kwa mtu unayeweza kumuuliza majani yametoka wapi, ukatae unga wenye unyevu, harufu ya uvundo au rangi iliyogeuka kahawia.

Anza na ncha ya kijiko cha chai, ukifika nusu kijiko kwa siku inatosha. Usiunyunyizie mbichi juu ya chakula cha mtoto. Uweke uchemke na chakula dakika chache, kwa sababu majani ya kukaushwa yanaweza kubeba vimelea. Majani ndiyo chakula. Mizizi na magome ya mlonge usimpe mtoto hata kidogo.

Muuzaji atakuambia unga wake unatibu kila kitu. Wewe piga hesabu. Mtoto wa miezi saba hadi kumi na miwili anahitaji miligramu 9 hadi 11 za madini ya chuma kwa siku. Gramu 100 za unga wa mlonge zina takriban miligramu 28, na kijiko kizima cha chai kina gramu mbili au tatu tu. Hapo hujafikisha hata miligramu moja, na mwili utafyonza sehemu ndogo ya hiyo. Mlonge unaongeza kitu kwenye bakuli, lakini hauwezi kulibeba bakuli zima.

Mambo ya nyumbani

Wengi wenu mnaondoka alfajiri, na anayemlisha mtoto ni dada wa kazi au bibi. Kaa naye jikoni umwonyeshe, mpike pamoja siku mbili tatu. Mweleze kwamba uji usishindishwe kwenye chupa ya chai toka asubuhi mpaka jioni, kwa sababu uvuguvugu ule ndio vijidudu vinaoupenda. Mboga iliyopikwa iliwe palepale, ya jana asipewe. Na mtoto asinyweshwe chai, hata ya rangi, kwa kuwa inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Bibi akisema nyie wote mmekua kwa uji wa mahindi na mko wazima, usibishane naye. Mwambie kwa adabu, "Mama, kliniki wamesema tumwongezee mboga na dagaa," kisha umwombe yeye ndiye ampondee mjukuu wake. Akishaona mjukuu analamba kijiko, atawaeleza majirani mwenyewe.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Mtoto akiwa na viganja na midomo iliyopauka, amelegea, anahema haraka au uzito hauongezeki kwenye kadi, usimtibu kwa mlonge wala juisi nyekundu. Upungufu wa damu unaweza kutokana na malaria, minyoo au selimundu, na vyote hivyo vinahitaji kipimo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Msikose pia matone ya vitamini A, yanayotolewa kila Juni na Desemba kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, pamoja na dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja. Hakuna jani linaloziba nafasi ya matone hayo.

Basi, wadogo zangu, wiki hii anzeni na fungu moja la mchicha, kijiko cha unga wa dagaa, mafuta kidogo na ndimu. Mlonge mkiupata, uwekeni humohumo. Kazi mnayoifanya hapo jikoni ndiyo inayojenga damu ya watoto wenu, kwa hiyo msiiachie chupa ya unga wa barabarani. Na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ikifika, funga meza, mpeleke mtoto akapimwe.