Jumapili Moja Ufaransa: Unaanza na Mji au na Misa?



Wiki iliyopita dada mmoja wa VIWAWA ya parokia yetu aliniandikia. Amepata nafasi ya kusoma Ufaransa, anaondoka mwezi wa tisa, na swali lake lilikuwa fupi: "Frateri, wewe umewahi kukaa kule. Jumapili yangu ya kwanza niende miji gani?" Nikaanza kumwandikia orodha: Lisieux, Ars, Paray-le-Monial... Halafu nikafuta yote. Nilikumbuka Jumapili yangu ya kwanza kule, na sikutaka na yeye aipitie.

Nilikuwa Lyon kwa wiki sita, kujifunza Kifaransa. Ijumaa usiku nilichukua karatasi nikapanga: treni ya asubuhi, mji wa kwanza, wa pili, wa tatu, kurudi usiku. Misa je? Niliandika pembeni kwa penseli: "popote nitakapoikuta." Mimi ni mtoto wa parokia yenye Misa tatu kila Dominika. Hata kigangoni kwa bibi, Padre asipofika, Katekista anaongoza ibada. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kukosa Misa kwa sababu tu hajui iko wapi.

Basi, saa nne kasoro nikafika mji wa kwanza. Kanisa zuri la mawe, la zamani sana. Limefungwa. Mlangoni kuna karatasi: Dominika hii Misa iko kijiji fulani, Dominika ijayo kijiji kingine. Mapadre kule ni wachache, parokia moja inabeba makanisa mengi ya zamani, na Misa inazunguka kama Padre wetu anavyozunguka vigango. Kijiji kilichotajwa kilikuwa mbali, basi hakuna. Treni za Jumapili nazo ni chache, nikakaa kituoni zaidi ya saa mbili. Maduka yamefungwa, njaa inauma. (Ufaransa ilitenganisha dini na serikali mwaka 1905, na mwaka uliofuata tu ikatunga sheria ya kumpa mfanyakazi mapumziko ya Jumapili. Nilikuwa na muda mwingi wa kulitafakari hilo.)

Paray-le-Monial nilifika mchana sana. Pale, kati ya mwaka 1673 na 1675, Mt. Margareta Maria Alacoque alitokewa na Bwana na kuonyeshwa Moyo wake Mtakatifu. Ijumaa ya kwanza ya mwezi tunayoadhimisha huku kwetu chanzo chake ni pale. Na unajua Bwana alimlalamikia nini? Ubaridi wa watu kwake katika Ekaristi. Mimi nikaingia kwenye kikanisa kile na simu mkononi, nikapiga picha, nikakimbilia treni. Mji wa tatu ulishakufa. Lyon niliingia saa mbili na nusu usiku, na Misa ya jioni niliyokuwa naijua ilikuwa imekwisha. Frateri mzima, nimezunguka siku nzima kwenye miji ya watakatifu, nimekosa Misa. Siku iliyofuata nilienda kuungama.

Padre aliyeniungamisha hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Ulipopanga, uliandika nini kwanza?" Nilicheka kwa uchungu, maana jibu nililisoma miaka mitatu kwenye falsafa. Mt. Thoma wa Akwino anafundisha kwamba lengo huwa la kwanza katika nia, ingawa katika kutenda hufikiwa mwisho. Mtu anayejenga nyumba ya kukaa ana nia ya kukaa kabla hajanunua tofali la kwanza. Nami niliijua kanuni hiyo kwenye mtihani. Kwenye karatasi yangu ya Ijumaa, kilichoandikwa kwa wino ni miji.

Dominika iliyofuata niligeuza karatasi. Kwanza nikatafuta Misa kwenye tovuti ya messes.info, ambayo inakuonyesha kanisa na saa. Misa ilikuwa Ars. Nikapanda treni mpaka Villefranche-sur-Saône, kisha nikatembea kama kilomita 10. Mji mmoja tu, mkate nimeununua Jumamosi.

Mt. Yohane Maria Vianney alifika Ars mwaka 1818, kijiji cha watu kama 230 hivi. Jumapili wengi walikuwa shambani au kwenye vilabu vya pombe. Mojawapo ya vita vyake vya kwanza ilikuwa hiyo hiyo Dominika, na aliipigana kwa miaka. Alibaki pale mpaka alipofariki mwaka 1859, na watu wakawa wanatoka mbali kuja kuungama kwake. Huyu ndiye aliyesumbuka na Kilatini seminarini mpaka ikaonekana hafai. Mimi na Kifaransa changu tulifarijika sana. Mwili wake uko pale basilikani. Nilikaa baada ya Misa mpaka nikachoka kukaa, na hakuna treni iliyokuwa inaniita.

Alençon sikufika, ni mbali na Lyon, lakini ukiwa upande wa Paris ufikirie. Mt. Louis Martin, baba yake Mt. Teresa wa Mtoto Yesu, alikuwa fundi saa pale, na Jumapili alifunga duka. Jumapili ndiyo siku ambayo watu wa vijijini walikuja mjini na pesa zao! Marafiki walimwona anajipunja. Yeye na mke wake Zélie walitangazwa watakatifu pamoja mwaka 2015. Vijana mnaouza dukani na kwenye vibanda vya simu mnaelewa maana ya kufunga siku ya mauzo kuliko mimi.

Kuna pia mji unaoitwa Descartes, alikozaliwa mwanafalsafa huyo mwaka 1596. Nilitamani mno. Nikauacha, ni safari ya siku ya kawaida.

Na sheria? Kanuni ya 1248 inasema Misa ya jioni ya siku iliyotangulia inatosheleza wajibu wa Dominika. Kwa hiyo Jumamosi jioni inakubalika, na msafiri asione aibu kuitumia. Ila kanuni ya 1247 inataja pia pumziko la mwili na akili. Miji mitatu kwa siku si pumziko, hata kama yote ina basilika.

Kwa dada yetu nilijibu hivi: nitumie kwanza jina la mji utakaokaa, na kituo cha treni kilicho karibu. Amejibu jana usiku. Ni mji mdogo, kanisa lipo, na Misa pale ni Dominika ya pili na ya nne tu. Sasa tunatafuta za Dominika ya kwanza na ya tatu.