SOMO: KUKARIRI SI KUSOMA



Miaka kadhaa iliyopita kamati yetu ilikabidhi madawati katika shule moja ya kijijini. Watoto wa darasa la pili walitusomea ukurasa mzima kwa sauti moja, nasi tukapiga makofi. Kabla ya kuondoka, mzee mmoja wa kamati alimwita mtoto wa mstari wa mbele, akaweka kidole katikati ya ukurasa, akasema, "Anzia hapa, mjukuu wangu." Mtoto alinyamaza. Kisha akainua macho juu, akaanza kutamka ukurasa ule tangu mwanzo bila kukitazama kitabu. Tukawajaribu wengine sita. Aliyeweza kusoma alikuwa mmoja tu.

Madawati yalihitajika, hatujuti kuyatoa. Lakini hatukuwa tumeuliza swali la kwanza: je, watoto hawa wanasoma?

Tatizo lenyewe

Utafiti wa Uwezo uliofanyika Tanzania mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu mtoto mmoja kati ya watano waliomaliza darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipangwa upya ili mkazo uwe kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Januari 2016 michango ya lazima ilipoondolewa, watoto wengi waliandikishwa, na baadhi ya madarasa ya kwanza yakazidi wanafunzi mia moja kwa mwalimu mmoja.

Katika darasa la namna hiyo mwalimu huandika ubaoni, husoma, na watoto huitikia. Asiyejua huitikia pamoja na wenzake, na hakuna anayemgundua. Anafika darasa la nne akiwa bado amejificha ndani ya sauti za wengine.

Mtoto hujifunzaje kusoma?

Kiswahili kinatusaidia. Kina irabu tano tu, na herufi zake husomeka kwa sauti ileile karibu kila mahali. Mtoto akijua sauti ya herufi huunganisha silabi: ka, ta, kata. Baadaye hufika kwenye sauti ngumu zaidi kama mbw, nyw na ng'. Kisha hupata wepesi, na mwisho huelewa anachosoma. Akiruka hatua moja, hukwama kwenye inayofuata.

Tusisahau pia kwamba watoto wengi huongea Kisukuma, Kigogo, Kimaasai au lugha nyingine nyumbani. Mtoto wa namna hiyo aweza kutamka neno vizuri asijue maana yake. Anahitaji kwanza kusikia na kuzungumza Kiswahili kwa hadithi, nyimbo na michezo.

Kipimo cha dakika tano

Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, msikilizeni mtoto mmoja mmoja, mahali pa utulivu. Mpeni karatasi yenye herufi kumi, silabi kumi, maneno kumi na hadithi fupi ambayo hajawahi kuiona. Kwa mfano:

Asha ana mbuzi mweupe. Jana mbuzi aliingia shambani kwa babu. Alikula mahindi. Babu hakukasirika, alicheka tu.

Kisha mwulizeni: Mbuzi alikula nini? Unadhani kwa nini babu alicheka? Andikeni mtoto amefika hatua gani. Majina ya watoto yasitangazwe, na kipimo kisiwe fimbo ya kumchapia mwalimu. Shabaha ni kujua pa kuanzia.

Mchango wetu uende wapi?

Nchini Kenya, mpango wa Tusome ulioanza mwaka 2015 uliunganisha mambo matatu: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo wa masomo kwa mwalimu, na maofisa wa elimu waliotembelea madarasa kumsaidia mwalimu. Usomaji wa watoto uliboreka. Nasi, kwa kadiri ya uwezo wetu, tunaweza:

1. Kuhakikisha vitabu vya kusomea vimo mikononi mwa watoto. Vingine vimefungiwa kabatini kwa hofu ya kuchanika.

2. Kushauriana na kamati ya shule ili darasa la kwanza lipewe mwalimu mwenye uzoefu na moyo wa kufundisha wadogo.

3. Kutoa chumba cha parokia, na msimamizi anayeaminika, mara mbili kwa wiki. Watoto wagawanywe kwa hatua waliyofikia, si kwa darasa wanalosoma.

4. Kuwahimiza wazazi wamsikilize mtoto dakika kumi kila jioni. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kusema, "Nisimulie ulichosoma."

Ndugu mfadhili, kazi hii haina jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Mwaka ukiisha utakachoonyeshwa ni karatasi mbili: mwanzoni watoto wangapi walisoma ile hadithi fupi, na sasa wangapi. Tunaomba uzidai karatasi hizo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mara ya mwisho tulipotembelea shule, tulimsikiliza mtoto yeyote akisoma peke yake?

2. Vitabu vya shule yetu viko wapi leo?

3. Nani kati yetu atakwenda kuonana na mwalimu mkuu, na siku gani?