Somo: Kahawa ikinyauka, kuni zake zisitoke shambani



Leo tunazungumza juu ya ugonjwa unaoua kahawa robusta, ambao wataalamu wanauita trakeomikozi. Unaletwa na kuvu. Huingia kupitia jeraha, mara nyingi pale panga au jembe lilipogusa shina, kisha huziba mishipa inayopandisha maji. Ndiyo maana mti unakauka hata wakati wa mvua.

Si ugonjwa mpya. Ulionekana mwaka 1927 katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kwetu Kongo ulirudi kwa nguvu miaka ya 1970, upande wa Isiro, na mwaka 1993 ulionekana Uganda, karibu na mpaka wetu.

Namna gani utautambua? Majani yanakuwa manjano, yanajikunja na kuanguka, mara nyingi kwa kuanzia upande mmoja wa mti. Matunda yanaiva mbele ya wakati na kubaki kwenye matawi makavu. Lakini usiamini majani peke yake, maana jua kali pia linanyausha. Kwangua ganda la shina: ukiona chini yake mistari ya rangi ya bluu iliyokaribia weusi, ndio huo.

Dawa ya kuponya mti ulioshikwa haipo. Ung'oe na mizizi yake, uuchome palepale uliposimama. Na hapa ndipo penye shida. Kahawa kavu ni kuni nzuri, na mama asiye na kuni nyumbani hawezi kufurahi akiona zinateketea shambani. Lakini mti ukivutwa hadi nyumbani, vumbi la kuvu linamwagika njia nzima, kando ya mashamba ya majirani. Tena wengi tunangoja mti ufe kabisa ndipo tuung'oe. Wakati huo vumbi limekwisha kutoka kwenye ganda.

Panga lioshwe kwa maji ya javeli au lipitishwe motoni kabla ya kugusa mti mwingine. Pale palipong'olewa, panda kwanza mahindi au maharage, usirudishe kahawa kabla ya miezi sita. Huko Uganda watafiti wametoa miche ya robusta inayostahimili ugonjwa huu. Ya namna hiyo ndiyo ya kutafuta.

Maswali ya kuzungumza kikundini: Mti wa jirani ukianza kunyauka, utamwambia namna gani bila yeye kufikiri unatamani shamba lake? Na familia itakayochoma miti yake, juma hilo itapikia kuni za nani?