Dondoo muhimu: Mikono ikitetemeka kwenye usaili wa chuo

Woga wako hauonekani kama unavyodhani. Mwaka 2003, wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba anayehutubia hudhani hofu yake iko wazi kuliko wasikilizaji wanavyoiona. Walioambiwa hilo mapema walizungumza vizuri zaidi. Basi wewe umeshaambiwa.

Kalamu ya kubofya iache mkobani. Ukiwa nayo mkononi utaibofya, tik-tik-tik, na jopo litasikiliza kalamu. Kiti kikiwa cha kuzunguka, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Maji kunywa, ila omba glasi isijazwe pomoni.

Macho ndiyo yenye utata. Wengi wetu tulilelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, na hiyo ni adabu. Mhoji wa ng'ambo anaweza kuisoma kama kukosa uhakika. Huhitaji kumkodolea: mtazame anapouliza, kisha geuza macho pembeni unapofikiri. Kila mtu hufanya hivyo. Usaili mwingine hufanyika kwa mtandao, kama ule wa Chuo Kikuu cha Oxford. Huko pandisha kamera hadi usawa wa macho, vitabu vitatu chini ya kompyuta vinatosha.

Sauti ikikwama, sema tu: "Samahani, naomba nianze upya." Mimi humwamini zaidi anayesema hivyo kuliko aliyekariri tabasamu kwenye kioo. Muda wa kioo utumie kurudia ulichoandika kwenye barua yako ya maombi. Maswali mengi huanzia hapo.